Simu Juu ya Kichuguu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hii ya leo si ya kucheka.

Hapo kale, kale ya wanyama, ilikuwa siku ya Jumanne, saa moja na nusu asubuhi. Umande haujakauka. Wazazi wa nguchiro walikusanyika shuleni kwa watoto wao.

Shule hiyo haikuwa na ukuta. Haikuwa na paa. Ilikuwa uwanja mtupu, na kando yake kichuguu kirefu. Watoto walijifunza kuchimba mende, vichwa chini, mikia juu. Mmoja wao alipanda kichuguuni kushika zamu. Kazi yake kutazama angani. Akiona shwari, huimba taratibu: kwi, kwi, kwi. Wenzake wakisikia kwi, kwi, huchimba bila wasiwasi. Akiona tai, hupiga ukelele mmoja: chaa! Wote hukimbilia shimoni. Ndivyo nguchiro walivyoishi.

Siku hiyo wazazi walijia neno moja tu. Je, watoto waje shuleni na simu?

Mwalimu wao, Pimbi, hakutaka. Baba mmoja akasema hata watoto wa panya buku wanazo. Mwalimu Pimbi akamjibu kwamba panya buku husomea chini ya ardhi. Wazazi wakacheka.

Mama Zuwena hakucheka. Alikuwa amezaa watoto wengi, na tai alimwachia Zuwena peke yake. Zuwena akichelewa kidogo, mama hutoka mbio kumtafuta.

"Mwalimu," akasema, "wewe unawatazama wote. Mimi ninaye mmoja. Nataka kumuuliza kama yu hai, na anijibu."

Mwalimu akalegea. Akasema haya, simu zije, ila mtoto aliye zamuni asiwe nayo.

"Huyo ndiye aliye peupe kuliko wote," Mama Zuwena akasema. "Na leo zamu ni ya mwanangu."

Mwalimu akawatazama wazazi. Wazazi wakamtazama yeye. Akakubali. Mama Zuwena akamfunga mwanawe simu shingoni, akaenda zake kuchimba ng'ambo ya korongo.

Zuwena akapanda kichuguuni. Kwi, kwi, kwi.

Ting! Uko salama?

Akainama. Akaandika: Niko salama, mama. Akainua kichwa. Anga tupu.

Kwi, kwi, kwi.

Ting! Umekula?

Akainama. Akaandika: Nimekula, mama. Akainua kichwa. Anga tupu.

Jua likapanda. Vumbi likawa la moto. Kwi, kwi, kwi.

Ting! Mbona kimya? Uko salama?

Akainama. Macho yalikuwa kwenye simu, kucha zilikuwa kwenye simu. Lakini mdomo ulishazoea kazi yake. Mdomo ukaendelea peke yake: kwi, kwi, kwi.

Chini uwanjani alikuwepo Kombo, mdogo kuliko wote darasani. Alikuwa amepata mende mkubwa, wa kwanza kumchimbua mwenyewe. Akasikia kwi, kwi. Hakuinua kichwa.

Vuuuu!

Kivuli. Kishindo. Zuwena alipotazama, tai alikuwa anapaa, na Kombo yuko kwenye kucha zake, mende bado mdomoni.

Ng'ambo ya korongo simu ya Mama Zuwena ikalia. Akasoma: Niko salama, mama. Moyo ukatulia. Akaendelea kuchimba.

Jioni nguchiro wote walisema jambo lile lile. Zuwena aliimba kwi, kwi, tai akiwa juu yetu. Zuwena mwongo. Zuwena muuaji. Watoto wakamkwepa kama mwenye upele. Naye hakujitetea. Hakuitaja simu. Hakumtaja mama. Alijilaza akiukabili ukuta wa shimo. Mama yake akautazama tena ule ujumbe, akaitazama saa uliyofika, akaelewa.

Asubuhi yake Mama Zuwena alikwenda kwa Mama Kombo. Akamkuta mlangoni mwa shimo lake. Akakaa chini, vumbini.

"Mama Kombo, usimlaani mwanangu. Aliyemwinamisha kichwa ni mimi. Nilimuuliza kama yuko salama."

Mama Kombo akamgeukia.

"Akakujibu nini?"

"Alisema yuko salama."

"Basi ulipata jibu lako, dada," Mama Kombo akasema. Akaingia ndani.

Mama Zuwena akabaki palepale mlangoni, hakuthubutu kumfuata, hakuthubutu kuondoka.

Na funzo lake ni hili, wanangu, nanyi wazazi wenzangu. Saa za masomo simu ikae nyumbani. Macho ya mtoto shuleni si yake peke yake, wenzake pia wanayategemea. Na hofu yetu sisi wazazi, hata iwe kubwa namna gani, tusimbebeshe mtoto aliye kazini.

Ngano yangu imefika mwisho wake hapo.