Fisi Afungua Darasa la Insha

Mwaka huo mvua iliaga kama mgeni aliyenyimwa chai, haikurudi tena. Mito ikakauka, madimbwi yakakauka, hata umande ukaona haya kushuka. Yakabaki maji mahali pamoja tu, chemchemi ya Simba, na Simba hakuwa mtu wa kugawa kitu kabla hajasifiwa.

Akawaita wanyama, akapanda juu ya jiwe.

"Vijana wa siku hizi hawasikilizi," akasema. "Juzi nasimulia habari za ukoo wangu, Nyumbu mdogo akasinzia mbele yangu, tena akakoroma. Sasa basi. Mwezi ukiandama nitasimulia hadithi moja. Kila kijana ataandika insha kwa ukwato wake hapa kwenye tope, aseme hadithi ina nini ndani yake. Atakayenionyesha kwamba alisikiliza, atakunywa yeye na mama yake. Atakayeshindwa, akatafute maji kwingine."

Kwingine hakukuwa na maji. Simba mwenyewe alilijua hilo.

Swala alikuwa mama kijana mwenye mtoto mmoja tu, Tumu, binti aliyeingia umri wa kubishana. Aliposikia tangazo lile moyo ulimwenda mbio, miguu nayo ikaufuata, akawa anazunguka kichaka huku akisema, "Insha, Tumu mwanangu, umesikia, insha, na midomo yako imeshapasuka, na mimi nitakufundisha nini, mimi najua kukimbia tu, haya usisimame juani, njoo, usije, kaa hapohapo!"

"Mama, umenikanyaga," akasema Tumu.

Siku ileile Fisi akafungua darasa.

"Bure kabisa, mama zangu," akatangaza. "Atakayefaulu sitaki kwake hata shukrani. Ila atakayefeli, akishakufa kwa kiu, mzoga wake mniachie. Ni utaratibu tu."

Akina mama wakaona masharti ni nafuu. Nani anayempeleka mtoto darasani ili afeli? Swala akawapita wote kwa mbio, akamkalisha Tumu mbele kabisa.

Fisi alifundisha kwa kukaririsha.

"Semeni: Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa!"

"Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa!"

"Ametumia lugha nyepesi yenye mvuto!"

"Ametumia lugha nyepesi yenye mvuto!"

"Mhusika mkuu ni shujaa, mpenda haki na mfano wa kuigwa!"

Tumu akainua ukwato. "Mwalimu, na hadithi yenyewe je? Bado hatujaisikia."

"Hadithi ya nini? Hapa tunasoma insha." Fisi akamtazama mbavu moja moja, akameza mate. "Kaa chini, mwanangu. Usijichoshe, unapungua."

Tumu aliporudi nyumbani akasema, "Mama, yule mwalimu akimsahihisha mtu anampapasa paja."

Swala hakusubiri neno la pili. Alimvuta binti yake hadi kwa Sungura, aliyekuwa amelala kivulini anatafuna mzizi, akaanza kabla hajafika, "Sungura ndugu yangu, nisaidie, mwezi unakaribia, mtoto anajua kusema mvuto lakini hajui mvuto wa nini, nami ndiye niliyempeleka, kwa miguu yangu hii, sijui nilikuwa nawaza nini..."

"Dada Swala, pumua," akasema Sungura. Akamgeukia Tumu. "Fisi ni mnyama wa namna gani?"

"Mwalimu mwema."

"Umeona wapi?"

"Kasema mwenyewe."

"Kusema kasema. Amefanya nini?"

"Anafundisha bure."

"Na mwanafunzi akifeli, nani anashiba?"

Tumu akalitazama paja lake. Swala akamvuta binti yake karibu.

"Uchambuzi ndio huo," akasema Sungura. "Mhusika humjui kwa sifa anazojipa, unamjua kwa anayotenda. Ukiandika, sema kwanza unadai nini. Kisha onyesha mahali ulipoliona. Kisha eleza kwa nini pale panathibitisha dai lako. Basi, mizizi yangu inanyauka."

Mwezi ukaandama. Simba akapanda jiweni, akasimulia:

"Babu yangu aliambiwa nyati amekuja kunywa mtoni. Akanguruma pangoni mwake mpaka majani yakapukutika. Akanguruma tena. Akanguruma tena. Nyati akanywa, akashiba, akaenda zake. Ndipo babu akatoka, akasimama ukingoni, akatangaza: Nimemfukuza! Mto ukawa wetu tangu siku hiyo."

Fisi alikuwa nyuma kabisa. Hakusikia hata neno. Alikuwa anachagua.

Vijana wakaandika. Simba akapita ukingoni anasoma. Kwa Ngiri mdogo akakuta mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa. Kwa Nyumbu mdogo, mwandishi alikuwa amefaulu vilevile.

"Mwandishi gani?" akauliza Simba. "Nimesimulia mimi."

Akafika kwa Tumu, akasoma kwa sauti: "Babu yake Simba alikuwa anaogopa."

Swala akajisemea moyoni, mwanangu, si ungeandika shujaa tu kama wenzako, tungekufa kwa kiu polepole, sasa tunaliwa leo.

"Babu yangu?" akasema Simba. "Umeona wapi?"

"Kwako, mfalme," akajibu Tumu. "Umesema alinguruma akiwa pangoni, na hakutoka mpaka nyati alipokwenda zake. Asingeogopa, angetoka nyati akiwa bado anakunywa."

Simba alijivuna kuliko wanyama wote, na mwenye majivuno hupenda kusifiwa. Lakini kuna kitu anachokipenda zaidi: kusikilizwa.

"Nimeisimulia hadithi hii maisha yangu yote," akasema polepole, "na hakuna aliyewahi kusikia hapo pa pangoni. Kunywa. Na mama yako anywe. Ila babu alikuwa na sauti kubwa."

"Hilo nalo limo," akasema Tumu. "Majani yalipukutika."

Fisi akajitokeza, mate yanamtiririka. "Mfalme, hawa waliobaki wamefeli. Niwasindikize?"

"Nani aliyewafundisha?"

"Yeye!" wakasema vijana kwa pamoja.

"Basi mwalimu aandike naye."

Fisi akaandika upesi, maana alikuwa na haraka ya chakula. Simba akainama, akasoma.

"Mpenda haki. Umeona wapi?"

"Imo, mfalme. Mwishoni mwishoni."

"Mwishoni pana nini?"

Fisi akawatazama vijana, akamtazama Ngiri mdogo aliyenona kidogo. "Pana mzoga," akasema.

"Hadithi yangu haina mzoga," akasema Simba.

Vijana wakapewa nafasi ya kusimuliwa upya, safari hii na Sungura kando yao. Fisi akafukuzwa chemchemini bila kulamba hata tone, ulimi nje, na darasa lake likafungwa siku hiyohiyo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.