Kwa Nini Maji ya Jumapili Huachiwa Bonde

Kulikuwa na wakati ambapo maji ya milima yetu ya Upare yaligawanywa yote, hadi tone la mwisho, na Jumapili ilikuwa siku kama nyingine.

Watu wa kale walijenga ndiva, bwawa la mawe na udongo, chini ya chemchemi. Maji yalijikusanya humo usiku, na asubuhi mwenye zamu alichomoa kizibo akayaelekeza kwenye mfereji wa mashamba. Koo zilikuwa saba, kila moja na siku yake, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi. Wakajisifu kwa haki yao. Hawakuona walichokosea: katika kugawa, hakuna aliyekikumbuka kijito kilichoteremka bondeni kabla ya ndiva kujengwa. Kilikauka polepole, na kwa kuwa kilikauka polepole, hakuna aliyeshtuka. Siwalaumu, wajukuu zangu. Mwenye watoto hutazama shamba lake kwanza.

Jumapili ilikuwa ya ukoo wa Mzee Eliamani. Mwaka mmoja mvua za vuli zilikosekana, na maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Yangekosa maji siku ile, nyumba yake ingekosa chakula. Alfajiri akaenda ndivani na mkewe, Mama Namsifu, wamwagilie kabla ya ibada.

Walimkuta pongo jike, yule swala wa msituni, akilamba matope kwenye kizibo. Miiba ya ua uliozunguka ndiva ilikuwa imemchana ubavu. Mtoto wake alilala pembeni, hawezi kusimama. Pongo aliwaona, lakini hakukimbia.

"Mfukuze, tunachelewa," alisema Mzee Eliamani.

"Mfukuze wewe." Mama Namsifu akasimama mbele ya kizibo.

"Mama Namsifu, leo ni zamu yetu!"

"Najua. Na ya huyu ni lini?"

Mzee akacheka kwa hasira. "Basi mpeleke kwenye baraza la koo, akaombe siku."

"Baba Namsifu, Mungu aliwaumba hawa kabla sisi hatujakuwapo, akaona ni vyema. Sisi tukakabidhiwa tuwatunze. Leo ukisimama kanisani kumshukuru, utamwambia nini?"

"Nitamwambia watoto wangu wana njaa."

"Haya. Na huyu naye ana mtoto."

Eliamani alimtazama yule mtoto mpaka jua likafika kwenye ukuta wa ndiva. Kisha akaufunga mdomo wa mfereji kwa udongo, akachomoa kizibo, akayaacha maji yote yateremke bondeni. Mtoto wa pongo alikunywa akiwa bado amelala.

Maharage yalinyauka, karibu yote. Mbwambo, mwenye zamu ya Jumatatu, alipopata habari asubuhi hiyo hiyo alimsubiri Eliamani nje ya kanisa. "Huyu bwana mwaka huu anavuna pongo!" akasema, na watu wakacheka sana.

Lakini kesho yake, kabla ya kufungua maji, Mbwambo alishuka bondeni kutazama. Matope yalikuwa yamejaa nyayo: za kanga, za nyani, za ndege wadogo wasiohesabika, na nyingine za wanyama aliodhani walikwisha kuhama tangu enzi ya babu yake. Alirudi juu, akachimba kijifereji kuelekea shamba la Eliamani.

"Unafanya nini?" aliuliza mwenye zamu ya Jumanne.

"Shuka bondeni ukaone mwenyewe."

Akashuka. Siku iliyofuata naye akachimba.

Na tangu siku hizo, ukoo wa Eliamani hauna zamu. Ila kila siku nyingine ya juma, mwenye maji humwagilia mstari mmoja wa shamba lao kabla ya kugusa lake. Na Jumapili, kabla ya kengele ya kanisa, mmoja wa ukoo huo huufunga mfereji kwa udongo, huchomoa kizibo, kisha huketi mbali, kimya, ili wanaokuja kunywa wasiogope.