Mgongo wa Kibao cha Shaba

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Ajemi aliishi mwanamke mchaji, Bi Safura binti Harithi, aliyerithi kwa marehemu babake kazi ya kupamba shaba kwa kioo. Akisaga kioo cha rangi mpaka kiwe unga, akiupaka juu ya kibao cha shaba, kisha akikitia tanuruni hata unga uyeyuke na kung'aa. Desturi ya mafundi wa mji ule ilikuwa kupaka pande zote mbili, uso na mgongo, kila upande na moto wake. Usishangae, ndugu yangu. Mgongo hauonekani na mtu, lakini ndio unaoushika uso. Ukiachwa mtupu, uso hupasuka, pengine kesho, pengine baada ya mwaka.

Safura alikuwa na kaka mmoja tu duniani, Lukmani, aliyefungwa kwa kusingiziwa kwamba alichoma ghala la tajiri. Safura alikwenda mbele ya Liwali akaapa kwamba wakati ghala likiungua, kaka yake alikuwa naye karakanani, akivukuta moto. Liwali akaukataa ushahidi wake.

"Dada atasema lolote kumwokoa nduguye," alisema. Hata hivyo akamwonea huruma. "Nipambie mihrabu ya msikiti mpya kwa vibao vyako. Kazi ikitimia kabla ya Idi, nitamsamehe."

Basi Safura akashinda mbele ya tanuru mwezi mzima wa Ramadhani, koo limekauka kwa saumu. Mwishoni mvua ikanyesha, makaa yakalowa. Kikabaki kibao kimoja, na makaa makavu yalitosha moto mmoja tu. Akachoma uso, mgongo akauacha. Kikatoka kizuri kuliko vyote. Akajisemea kwamba mgongo utaelekea ukutani, nani atauona?

Siku ya mwisho ya mfungo, baada ya alasiri, Liwali alikuja kuitazama mihrabu. Akaridhika mno, akaamuru Lukmani aletwe. Akaletwa na pingu zake, amekonda mpaka dada yake akamtambua kwa sauti tu. Safura akainua mikono kushukuru, lakini dua haikutoka. Kila akianza, macho yanakwenda kwenye kile kibao. Waumini wangemsujudia Mola wao mbele ya udanganyifu wake. Moyo ukamwuma, akaona heri aseme.

"Bwana Liwali, kibao kile cha juu mgongo wake ni mtupu. Kitapasuka. Kazi haikutimia."

Liwali akamwuliza: "Wajua maana ya maneno yako?"

"Najua, bwana."

Kisha akamgeukia kaka yake, machozi yanamchuruzika. "Niwie radhi, kaka."

"Nenda kakichome, dada," alisema Lukmani. "Mimi nimeshazoea kungoja."

Askari wakamshika wamrudishe. Liwali akawazuia kwa mkono.

"Siku ile nilisema dada atasema lolote kumwokoa nduguye," alisema taratibu. "Leo huyu amesema neno la kumrudisha gerezani. Aliyeshindwa kunidanganya kwa kibao hakunidanganya kwa kiapo. Mfungueni. Wala simsamehe, kwa kuwa hana kosa la kusamehewa."

Idi ile watu waliswali mbele ya mihrabu yenye pengo juu, pale kibao kilipoondolewa, na wapo walionung'unika. Sikukuu zilipokwisha, Safura alikipaka kibao mgongo akakirudisha tanuruni, na aliyevukuta moto alikuwa Lukmani.

Ndugu zangu, angenyamaza, kaka yake angetoka siku ileile, lakini angetoka na jina la mwenye hatia aliyesamehewa. Nasi tunayo migongo yetu tuliyoielekeza ukutani, mimi na wewe. Tumwombe Mola atujaalie kuirudisha motoni tungali hai.