Migomba Michungu ya Marehemu Kamuhanda

Mchagua mgomba kwa ulimi hunywa maji. Mmeisikia methali hii leo kwenye kikao cha posa, mkacheka, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Ilizaliwa huko Bukoba, katika kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba, cha marehemu Kamuhanda, na aliyeizaa hakucheka.

Kamuhanda alimwachia kibanja hicho mwanawe mkubwa, Byabato. Kwa desturi ya ukoo wao, mrithi alipewa miaka miwili, kisha awanyweshe wazee rubisi, pombe ya ndizi, iliyotoka kwenye migomba ya urithi. Akishindwa, kibanja humwendea ndugu anayefuata.

Byabato alionja ndizi mbivu za kila mgomba. Zile za migomba iitwayo embire, iliyojaa nyuma ya nyumba, zilimkausha ulimi. Akatema.

“Mzee alikuwa anafuga uchungu,” alimwambia mama yake, Kokugonza.

“Baba yako hakuzipanda azile,” alijibu mama, akiendelea kumenya.

Byabato hakuuliza zilipandwa kwa kazi gani. Aling'oa embire zote, machipukizi akayatupa ng'ambo ya mpaka, kwa Mutalemwa, nduguye wa baba mmoja na mama mwingine, aliyemfuata kwa kuzaliwa. Mahali pake akapanda migomba ya ndizi tamu.

Mwaka wa pili mikungu ilikuwa mizito. Byabato aliivundika shimoni, akazimenya ndizi, akazimimina katika mtumbwi wa kukamulia na kuzikanyaga pamoja na nyasi, kama alivyomwona baba yake akifanya. Embire ikikanyagwa huachia maji maangavu. Hizi zilitoa uji. Alikanyaga mpaka jua la utosini, nyasi zikalainika, uji ukabaki uji. Wazee walikuwa wanakuja keshokutwa. Akaongeza maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo, akachuja, akatia mtama uliokaangwa, akafunika.

Siku ikafika. Ishengoma, mkuu wa ukoo, ambaye wote walimwita Ta kwa heshima, alivuta mrija mara moja, akauachia.

“Byabato, kisima chako kina maji mazuri.”

“Ni rubisi, Ta.”

“Kama hii ni rubisi, ng'ombe wangu wote ni walevi.”

Wazee wakacheka. Mutalemwa akasogeza kibuyu chake. Ta Ishengoma akavuta, akafumba macho, akavuta tena.

“Hii ni ya Kamuhanda. Umeipata wapi?”

“Mpakani, Ta. Kaka aliyatupa machipukizi, nikayapanda.”

Kibanja kikahama mchana uleule. Byabato alipokuwa akitoa kitanda chake nje, alimgeukia mama yake.

“Ulijua.”

“Nilijua. Uliuliza ulimi wako, hukuniuliza mimi.”

Kisha Kokugonza akafunga mkeka wake, akamfuata mwanawe, kwa kuwa nyumba ile haikuwa yake tena.

Tangu hapo, ukoo ulipokutana, Byabato alikaa mwisho wa duara. Kibuyu kilipomfikia, ndani yake yalikuwa yamebaki maji ya kusuuzia. Aliyanywa, na waliomtazama wakasema: mchagua mgomba kwa ulimi hunywa maji.