Kitabu Kilichokatwa Katikati

Sogeeni mnisaidie kuamua, maana Mama Sayi ameshindwa na mimi nimechoka.

Kijijini Mwabulugu kulikuwa na watu watatu wenye vipaji. Bwana mifugo Kiwelu alimjua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama tu. Daktari Nyakato wa zahanati hakuwahi kukosea kipimo cha dawa. Lugata, fundi viatu, hakutupa kitu chochote maishani mwake.

Siku moja wilaya ikaleta kitabu kinene cha magonjwa yanayotoka kwa mifugo kwenda kwa watu. Kitabu kimoja, ofisi mbili! Kiwelu na Nyakato wakagombana wiki nzima, kisha wakampelekea Lugata akikate katikati: mifugo huku, watu kule. Watu wazima hao, na vyeti vyao ukutani.

Mwaka uliofuata Ngasa, mume wa Mama Sayi, akashikwa na homa. Inaondoka, inarudi, na viungo vinamuuma hata kijiko hakishiki. Zahanati ikampa dawa za malaria mara nne. Zizini nako ng'ombe wawili wakatupa mimba.

Mama Sayi akaenda kwa Kiwelu. Kiwelu akafunua nusu yake, akapata jina la ugonjwa wa ng'ombe: brusela.

"Unaambukiza watu?"

"Hapo ndipo kitabu changu kinapoishia, mama."

Akaenda kwa Nyakato. Nusu yake ilikuwa na dawa za brusela, za wiki sita.

"Lakini nitajuaje kama homa hii ndiyo hiyo? Dalili ziko kwa huyo bwana wa ng'ombe."

"Haziko!" Mama Sayi akafoka. "Nimetoka huko sasa hivi, na jua lote hili!"

Akaenda kwa Lugata, ndugu wa mumewe, amevimba kwa hasira. Lugata akapekua sanduku lake la vifaa, akatoa karatasi iliyochomoka siku ile ya kukata. Dalili zote za binadamu zilikuwa humo: homa ya kwenda na kurudi, viungo kuuma.

"Umekaa nayo mwaka mzima?"

"Hakuna aliyeniuliza, shemeji."

Nyakato akaisoma, akampima Ngasa, akamwanzishia dawa. Wiki ya nne Ngasa akatembea mwenyewe hadi zizini.

Wilaya iliposikia, ikaleta kitabu kipya. Kimoja tena! Kikaja na agizo: akipate aliyemponya Ngasa, na Mama Sayi ndiye amtaje.

"Bila jina la ugonjwa mngetibu nini?" akasema Kiwelu.

"Angepona kwa jina?" akauliza Nyakato.

"Bila karatasi yangu mngekuwa bado mnatupiana mpira," akasema Lugata.

Mama Sayi amekaa na kitabu mapajani, kichwa kinamgonga. Ngasa amebakiza wiki mbili za dawa kwa Nyakato. Ng'ombe wa mwisho mwenye mimba anamsubiri Kiwelu. Lugata ni shemeji yake, watakula naye sikukuu zote. Wote watatu wamenyoosha mikono, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mgonjwa ameamkaje.

Haya, nyinyi mnaocheka: mngekuwa Mama Sayi, kitabu hicho mngemkabidhi nani?