Kamongo Alivyomwacha Mamba Mdomo Wazi

"Jamani, mpo?"

"Tupo, mwaga!"

"Nikimwaga mtazoa?"

"Tutazoa mpaka makombo!"

"Haya, zoeni."

Hapo kale samaki alikuwa samaki tu: akikosa maji, anakufa. Hata Kamongo, yule mrefu mwembamba kama mkia uliopotelewa na mwenyewe, alikuwa hivyo hivyo. Na Mamba alikuwa mamba: mdomo wake aliufungua kwa shughuli moja tu, kula.

Wote wawili waliishi katika bwawa la Igombelo. Kamongo alikuwa akilea watoto peke yake, maana mkewe alitaga mayai, akasema "nakuja sasa hivi," mpaka leo.

Mwaka huo jua liliwaka, likawaka, likapitiliza. Maji yakapungua, yakapungua, yakawa uji. Mamba akapanda juu ya jiwe akatangaza:

"Maji yangu! Matope yangu! Na waliomo humo wangu!"

Asubuhi, kwap! Jioni, kwap! Akala wakubwa, akala wadogo, akala hata waliokuja kumwomba asiwale.

Kamongo alikuwa na shida nyingine. Ule uji uliziba mashavu yake, pumzi ikakata. Akatoa pua nje, akameza hewa. Pwaa! Ikamchoma kifuani, akakohoa mpaka machozi. Akajaribu tena. Pwaa! Akakohoa kidogo. Akajaribu tena. Pwaa! Hakukohoa.

Jirani yake Perege akacheka sana. "Njooni mwone! Kamongo anakula upepo!"

Kwap! Perege akaliwa akiwa bado anacheka.

Kamongo alilia, maana Perege alikuwa na mdomo mchafu lakini alikuwa jirani. Kisha akawaita wanawe. "Toeni pua nje. Mezeni hewa. Mkikohoa, mezeni tena."

Pwaa! Pwaa! Pwaa! Wote wakajifunza.

Haikupita muda, bwawani wakabaki Kamongo, wanawe na Mamba. Mamba akamkanyaga Kamongo mkia.

"Leo zamu yako."

Kamongo alitetemeka mwili mzima, ila ulimi haukutetemeka. "Shikamoo, mzee. Nile tu. Nasikitika kwamba utanila mkavu."

"Mkavu vipi?"

"Nimejaa matope, mzee. Nitakukwama kooni. Mimi ni samaki wa mchuzi. Na mchuzi bila maji umeuona wapi?"

Mamba akameza mate. "Sasa maji nitayapata wapi?"

"Mvua, mzee. Ila mvua ni mgeni mwenye aibu, haingii kwenye mlango uliofungwa. Fungua mdomo, ikudondokee wewe kwanza."

"Na nikifunga?"

"Itapita iende kwa Kiboko, kule mtoni."

Kumbe hapo ndipo palipouma. Kukosa mvua Mamba angevumilia, lakini Kiboko apate? Akauachia mkia wa Kamongo, akafungua mdomo. Aaaa!

"Zaidi, mzee."

Aaaaaa!

"Hapo hapo. Usifunge, hata nzi akiingia."

Nzi wakaingia. Mamba hakufunga.

Kamongo akawageukia wanawe. "Chimbeni!" Chimba-chimba, fukua-fukua, kichwa mbele mkia nyuma, wakazama kwenye tope. Kila mmoja akajikunja, akajipaka ute wake mwenyewe, akajifunika gubigubi, akaacha kitundu kidogo cha kupitishia pumzi.

Huko juu Mamba akauliza, mdomo wazi: "Ha-ho-ho, u-ho?" Yaani, Kamongo, upo?

"Nipo, mzee!"

"Hua hi-ha-hi?" Yaani, mvua ni lini?

"Iko njiani, mzee!"

Baadaye akauliza tena: "Ha-ho-ho, u-ho?"

"Nipo..." Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliyevuta shuka.

Akauliza tena. Safari hii akajibiwa na mkoromo. Khorrr.

Mamba akafunga mdomo kwa hasira, akauma ardhi. Lakini tope lilikwisha kukauka, limekuwa tofali. Ka! Jino likaondoka. Akauma tena. Ka! La pili nalo. Akaikokota njaa yake mpaka mtoni, akitukana njia nzima.

Mvua ilikuja ilipojisikia. Tofali likalowa, likalainika, na Kamongo akachomoza na wanawe, wembamba kama kamba za viatu, lakini wazima. Wajukuu wake walipozaliwa, hakuna aliyehitaji kufundishwa: bwawa likikauka wanajichimbia, wanapumua kwa kitundu, wanasubiri.

Na Mamba? Huko mtoni aligundua kwamba mdomo ukiwa wazi juani, upepo unapita na mwili unapoa. Akanogewa. Wanawe wakamwiga, na wana wa wanawe. Ukimkuta leo ukingoni ameachama, muulize. Atakwambia anapunga hewa. Ni kweli, anapunga. Usimuulize alianzaje, kama bado unaihitaji miguu yako.

Yangu yameishia hapo. Aliyeyapenda ayabebe, asiyeyapenda atunge yake.

Funzo? Lipo, tena zito. Watoto wangu, uvivu haufai. Shida ikija msilale! Amkeni mapema, fungueni milango, fanyeni bidii, na muwatii wenye nguvu.

Nani huyo anauliza habari za Kamongo? Kamongo mwache. Yule ni samaki, hajasoma.