Makofi ya Siku ya Wazazi

Wapo watu ambao wakiumia, majirani huja mbio na maneno laini. Wapo na wengine ambao majirani hufika, wakaketi, wakatazama chini, kwa maana kila mmoja anajua jeraha lilikotoka. Mwalimu Obiero alikuwa wa kundi la pili.

Mwaka 1993 alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi karibu na Usenge, ambako harufu ya omena, dagaa wa ziwani, waliotandazwa juani huingia darasani bila kubisha hodi. Shule yake ilikuwa imeongoza tarafa nzima katika mtihani wa darasa la nane, naye akavimba kichwa. Ushindi huo haukuwa na siri. Kila Novemba, siku ya wazazi, alisoma hadharani majina ya darasa la saba, kuanzia wa kwanza hadi wa mkia. Waliofikisha alama walipanda la nane. Wengine waliambiwa warudie au wahame, wasije wakauangusha wastani wa shule. Wazazi walishangilia, isipokuwa wazazi wa hao waliokatwa, na hao hakuna aliyewatazama.

Mwaka huo kitindamimba wake, Lornah, alikuwa darasa la saba. Lornah hakuwa mjinga hata kidogo. Ukimsimulia somo zima la historia, alikurudishia bila kuacha chembe. Akipewa kitabu ndipo kazi ilipoanza: herufi zilimchanganya, mistari ikapandana, na mara macho yakawa dirishani na miguu ikacheza chini ya dawati. Baba yake aliuita huo uvivu, na dawa ya uvivu aliyoijua ni kiboko.

Mwalimu wa darasa alikuwa Zeituni, msichana wa mjini Kisumu. Yeye alikata tundu refu katika kipande cha katoni ili mstari mmoja tu uonekane, akamfundisha Lornah kukiteremsha ukurasani. Miguu ilipoanza kucheza, alimtuma kufuta ubao au kuleta maji ya kunywa, kisha akamuuliza maswali kwa mdomo. Kufikia muhula wa tatu, mtoto aliyesoma ukurasa mmoja kwa machozi alikuwa anamaliza hadithi nzima. Alikwenda pole pole, lakini alifika.

Zeituni akaenda ofisini.

"Hedimasta, kwa huu mtihani wa mwisho wa mwaka, naomba nimsomee Lornah maswali, yeye aniambie majibu. Wako wengine kama yeye, nitawasomea pia."

"Kwa hivyo mtoto wangu afanyiwe mtihani?"

"Hafanyiwi. Anasomewa tu. Kichwani yuko sawa."

"Mwalimu, hapa si nasari. Watu watasema Obiero anambeba binti yake."

"Waache waseme. Huyu ukimrudisha nyuma sasa, atakata tamaa."

"Kurudia darasa hakujaua mtu," Obiero alisema. "Na hicho kikatoni chako nisikione kwenye chumba cha mtihani."

Hakikuonekana. Lornah alifanya mtihani peke yake, akapungukiwa na alama chache.

Asubuhi ya siku ya wazazi, Obiero akifunga tai, mkewe Dorca alimsihi. "Baba Lornah, jina lake usilisome mbele ya watu. Mwambie hapa hapa nyumbani."

"Sheria ni msumeno, Mama Lornah. Hukata mbele na nyuma."

Akalisoma. "Lornah Obiero, arudie." Kisha mzazi mmoja, Mzee Oduor, akasimama na kusema, "Leo nimeona mwalimu. Hata wake amemkata." Makofi yakamiminika kama mvua juu ya mabati. Na tusimfichie aibu Obiero: aliyafurahia. Aliinua mkono kuyapokea, wala hakumtazama bintiye, aliyekuwa amesimama kwenye foleni ya waliokatwa akiuma kola ya sare yake. Zeituni aliondoka uwanjani kabla ya sala ya kufunga, na mwaka mpya ulipoanza alikuwa ameomba uhamisho.

Januari, Lornah alikataa kuivaa sare. Kiboko kilifanya kazi yake, lakini sare hakuivaa. Kufikia Pasaka alikuwa amevuka ziwa na mvuvi mwenye wake wawili, akaenda kuishi kisiwani. Obiero alimfuata kwa mashua ya injini, akamkuta mbele ya kibanda cha mabati, tumbo limeanza kuonekana.

"Twende nyumbani," alimwambia. "Nitakupandisha la nane mimi mwenyewe."

"Hapana, Baba. Huku hakuna mtu anasoma majina."

Alirudi peke yake. Habari zilipoenea, wazazi wale wale walikuja kwake, Mzee Oduor akiwatangulia. Dorca aliwapa viti na chai, kama ada inavyotaka.

"Mwalimu," Oduor alianza, "tumekuja kukuambia po—"

"Hiyo mniambie mimi," Dorca alimkatiza, birika lingali mkononi. "Huyu mlishampa makofi, na aliyapokea."

Obiero alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akiomba neno moja tu, na kila mmoja akainamia kikombe chake. Chai ilipokwisha, wageni wakaaga na kwenda zao. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.